Dizeli inapovuja ndani ya oili: Hatari iliyojificha kwa pikapu za Turkana

DEREVA anayefungua boneti alfajiri mjini Lodwar, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta kiwango kimepanda kuliko wiki iliyopita, huenda akafurahi. Atadhani injini yake ni nzima na haili oili.

Ukweli ni kinyume chake. Injini haitengenezi oili. Kiwango kikipanda bila mtu kuongeza chochote, kuna kitu kimeingia ndani. Iwapo si maji, basi ni dizeli.

Tatizo hilo la dizeli kuchanganyika na oili ya injini limekuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya uharibifu wa injini za kisasa za dizeli kote duniani. Linagusa pikapu, mabasi madogo na magari ya kifahari. Hata hivyo, katika barabara ya Lodwar hadi Kakuma lina uzito wa pekee, kwa kuwa gari likikwama huko, halikwami mbele ya gereji.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120, na zaidi ya kilomita 90 nyingine hadi Lokichogio. Katika eneo hilo pikapu ndiyo inayobeba chakula, dawa, mbuzi wa sokoni, walimu, maafisa wa serikali na wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Ndiyo pia, kwa umbo la gari la wagonjwa, inayomkimbiza mama mjamzito aliyezidiwa kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar. Injini inayokufa katikati ya safari hiyo si hasara ya mwenye gari peke yake.

Makala haya yanaeleza jinsi dizeli inavyoingia katika oili, madhara yake, namna ya kuitambua kwa vifaa hafifu, na hatua zinazofaa kuchukuliwa. Ili kuepusha utata, neno oili limetumika kwa mafuta ya kulainisha injini, na neno dizeli kwa mafuta yanayochomwa ili gari liende.

Kutoka injini sugu hadi injini za kompyuta

Magari ya dizeli yaliongezeka sana Turkana kuanzia mwaka wa 1989, Lokichogio ilipogeuzwa kuwa kituo cha operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan. Mwaka wa 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa. Miaka 20 baadaye, Machi 2012, kampuni ya Tullow ilitangaza kuwa imegundua mafuta ghafi katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Lodwar. Kila tukio lilileta msururu wake wa magari.

Kwa muda mrefu gari lililotawala lilikuwa Toyota Land Cruiser lenye injini ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990. Injini hiyo haina tabo, haina kompyuta ya kupimia dizeli, na haina kichujio cha masizi katika ekzosi. Ni nzito na haina kasi kubwa, lakini huvumilia dizeli chafu na fundi asiye na vifaa.

Injini zilizofuata ni za jamii nyingine. Huwa na pampu inayosukuma dizeli katika bomba moja la pamoja kwa shinikizo kubwa ajabu, ambalo katika pikapu za miaka ya karibuni hupita baa 2,000. Ikilinganishwa, tairi la pikapu hujazwa upepo wa baa mbili hadi nne tu. Kompyuta huamuru kila nozeli ifunguke mara kadhaa katika mzunguko mmoja, kwa vipindi vifupi kuliko kupepesa jicho.

Matokeo yake ni nguvu nyingi kutoka injini ndogo, dizeli kidogo na moshi mchache. Gharama yake ni kwamba kasoro ndogo ya nozeli, ambayo injini ya zamani ingeistahimili, huweza kumwaga dizeli mahali pasipostahili.

Oili hufanya nini

Watu wengi huichukulia oili kama kitu cha kuteleza tu. Kazi zake ni zaidi ya hizo. Hutenganisha vyuma kwa utando mwembamba usioonekana kwa macho, hupoza pistoni, huziba mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda, huosha masizi na kuyabeba hadi kwenye filta, na huzuia kutu.

Sifa inayowezesha mengi ya hayo ni mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Oili ikiwa nyepesi mno, utando hupasuka na vyuma hugusana.

Mnato huo ndio unaoelezwa na tarakimu zilizo kwenye mkebe. Oili iliyoandikwa 15W-40 ni lazima, ikiwa na joto la nyuzi 100, iwe na mnato usiopungua 12.5 katika kipimo cha kimataifa. Ukishuka chini ya hapo, oili hiyo imekuwa ya daraja la 30. Ukishuka chini ya 9.3, imekuwa ya daraja la 20, ijapokuwa mkebe wake bado unasema 40.

Dizeli ni nyepesi mno ikilinganishwa na oili. Ndiyo maana kiasi kidogo tu hutosha kuishusha oili daraja zima.

Milango minne ya dizeli

Dizeli huingia katika oili kwa njia kuu nne.

Ya kwanza ni kichujio cha masizi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Japani katika miaka ya karibuni huwa na kichujio ndani ya ekzosi kinachonasa masizi. Kikijaa, hujisafisha kwa kuyachoma, na masizi huhitaji joto la karibu nyuzi 600 ili yaungue. Moshi wa injini inayonguruma gari likiwa limesimama huwa na nyuzi kati ya 100 na 200 pekee.

Ili kupandisha joto hilo, kompyuta ya magari mengi huamuru nozeli zitoe dozi ya nyongeza wakati pistoni imekwisha kushuka. Dizeli hiyo haikusudiwi kuungua ndani ya silinda, bali iende ikaungue katika ekzosi. Lakini si yote hufika huko. Sehemu yake hugonga ukuta wa silinda, huosha utando wa oili uliopo, kisha hupenya kando ya ringi na kudondoka katika sampu.

Shughuli hiyo kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatizwa. Dereva akizima gari kabla haijamalizika, dizeli imekwisha kumwagwa na masizi bado yapo. Safari inayofuata kompyuta itajaribu tena, na dizeli nyingine itaingia.

Mlango wa pili ni injini kuachwa ikinguruma kwa muda mrefu. Injini isiyobebeshwa mzigo huwa na joto dogo ndani ya silinda. Dizeli haiungui yote, na ringi hazibani vizuri kwa kuwa ni shinikizo la moto linalozisukuma zishike ukuta. Masizi huongezeka pia, nayo hukijaza kichujio haraka.

Wa tatu ni nozeli mbovu. Nozeli iliyochakaa hudondosha badala ya kunyunyiza. Tone halichomeki kama ukungu, hivyo hushuka kandokando ya pistoni. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini mabomba membamba ya kurudisha dizeli iliyobaki hupita chini ya kifuniko cha vali. Kiungo kimoja kikilegea hapo, dizeli hutiririka moja kwa moja ndani ya oili bila hata kupita kwenye silinda, na kiwango huweza kupanda kwa siku chache tu.

Wa nne ni pampu ya shinikizo. Pale pampu inapoendeshwa na gia za injini yenyewe, sili ya mhimili wake ndiyo inayotenga dizeli na oili. Sili hiyo ikikatika, hakuna kizuizi kingine.

Kwa nini Turkana

Katika nchi za baridi, chanzo kingine kikubwa ni injini kuwashwa ikiwa imeganda na kusafiri mwendo mfupi kabla ya kupata joto. Lodwar, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 500 na ambako jua la mchana hupandisha joto hadi nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima, hauna tatizo hilo. Una mengine.

La kwanza ni kiyoyozi. Katika joto hilo, madereva wengi huacha injini ikinguruma nje ya ofisi, sokoni au hospitalini ili gari lisigeuke tanuri. Hapo awali kulikuwa na misafara pia. Kwa miaka mingi magari ya mashirika kati ya Lodwar, Kakuma na Lokichogio yalisafiri kwa pamoja chini ya ulinzi wa polisi kwa hofu ya majambazi, na injini zilinguruma zikisubiri msafara ukamilike.

La pili ni vumbi. Filta ya hewa iliyoziba huinyima injini pumzi. Hewa ikipungua masizi huzidi, masizi yakizidi kichujio hujaa upesi, na kikijaa upesi dozi za nyongeza za dizeli huongezeka. Hivyo filta ya hewa iliyopuuzwa huishia kuharibu oili, ingawa viwili hivyo havigusani.

La tatu ni aina ya safari. Barabara kuu ya A1, iliyokuwa imechakaa kiasi cha magari kuiacha na kupita mchangani, imewekwa lami upya kwa sehemu kubwa katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Gari linalokwenda Lodwar hadi Kakuma kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa hupata saa moja na nusu ya joto la kutosha, na kichujio husafika vyema. Ila pikapu inayoshinda Kakuma, ikizunguka kati ya sehemu za kambi, ofisi, soko na makazi ya Kalobeyei, huenda kilomita chache tu kwa mwendo wa pole na kuzimwa mara kwa mara. Gari hilo ndilo lililo hatarini zaidi, hata kama kilomita zake ni chache na mwenyewe anajivuna kwamba halichoshwi.

La nne ni dizeli yenyewe. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa nchini Kenya kihalali haipaswi kuwa na salfa inayozidi sehemu 50 kwa milioni. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini dizeli safi bohari huweza kuchafuka njiani, hasa inapohamishwa kwa mapipa na mitungi ya plastiki. Mchanga na maji ni sumu kwa nozeli zenye vitundu vyembamba mno.

Kuna pia udanganyifu wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali ilianza kutoza ada maalumu ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018 ili kuondoa tofauti ya bei iliyowavutia walaghai. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli inavyotakikana. Vipuri hivyo vikilika, dizeli hupata mwanya.

Si kila pikapu yenye kichujio

Ni muhimu kutofautisha. Pikapu nyingi mpya zilizouzwa nchini katika miaka iliyopita ziliundwa kwa masoko yenye masharti mepesi ya moshi, na hazikuwekewa kichujio cha masizi. Hizo zinapokutwa na dizeli katika oili, fundi aanze kutazama nozeli na pampu.

Magari yaliyotumika ng'ambo ni suala jingine. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo gari la dizeli linaloletwa leo kutoka Japani au Uingereza liliundwa wakati ambapo masharti ya moshi ya nchi hizo yalikuwa makali, na ni nadra kulikuta bila kichujio.

Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Katika baadhi ya injini za dizeli za Mazda, kijiti cha oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, na kitabu cha gari kinaagiza oili ibadilishwe kiwango kinapoikaribia. Alama hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyemimina oili kupita kiasi. Iliwekwa kwa ajili ya dizeli.

Kwa nini dizeli haitoki tena

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kama injini ni moto, mbona dizeli haigeuki mvuke ikatoweka?

Petroli huanza kuchemka katika joto dogo, na sehemu yake iliyoingia katika oili huondoka injini ikipata moto wa kutosha. Dizeli huchemka kati ya nyuzi 180 na 360 hivi. Oili ndani ya sampu kwa kawaida huwa na nyuzi 90 hadi 120. Kwa hivyo sehemu kubwa ya dizeli iliyoingia hubaki, na inayofuata hujumlishwa juu yake hadi siku ya kubadilisha oili.

Madhara yake

Wapimaji wa oili kwa kawaida huanza kutoa tahadhari dizeli inapofika karibu asilimia mbili ya oili, na huiona hali kuwa mbaya inapofika asilimia tano, ingawa kila mtengenezaji ana kiwango chake.

Kwa injini inayobeba lita saba za oili, asilimia mbili ni mililita 140. Asilimia tano ni mililita 350, yaani zaidi kidogo ya chupa ndogo ya soda. Kiasi hicho kinaweza kuishusha oili ya daraja la 40 hadi daraja la 30.

Wa kwanza kuumia ni beringi za krenki, ambazo haziguswi na krenki mradi utando wa oili upo. Hufuatwa na tabo, ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hutegemea oili hiyo hiyo. Ringi na kuta za silinda nazo hulika kwa kuoshwa na dizeli. Zikishalika, injini hupitisha moshi kuelekea kwenye sampu, oili huzidi kuchafuka, na mzunguko wa uharibifu hukamilika.

Aidha, dizeli hupunguza makali ya viambato vilivyotiwa katika oili kuzuia asidi, kutu na masizi. Oili iliyokusudiwa kudumu kilomita 10,000 huchoka kabla ya wakati.

Hatari kubwa kuliko zote ni ya ghafla. Kiwango cha oili kikipanda mno, krenki huanza kuichapa na kuifanya povu na ukungu. Ukungu huo hufyonzwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na injini huanza kujilisha oili yake yenyewe. Kwa kuwa injini ya dizeli haihitaji cheche, kuzima ufunguo hakusaidii. Injini huzidi kupiga kelele, moshi mzito hutanda, na mwendo huongezeka mpaka oili iishe au chuma kivunjike.

Likitokea, dereva wa gari la gia za mkono akanyage breki kwa nguvu zote, atie gia ya juu kabisa na kuachilia klachi ili injini izimike. Kwa gari la gia za kujiendesha, njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao au kitu bapa kigumu, kamwe si kwa mkono. Iwapo injini imekwisha kuvuma mno, ni heri watu wote wakae mbali. Injini hununuliwa, uhai haununuliwi.

Namna ya kuitambua

Kipimo cha kwanza hakigharimu senti. Ni kijiti cha oili, daftari na kalamu. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa usiku kucha, kiwango kipimwe siku ile ile ya kila wiki na kuandikwa pamoja na kilomita. Kiwango kikipanda, lipo jambo.

Hata hivyo, kiwango kisichobadilika si ushahidi kwamba mambo ni shwari. Injini iliyozeeka hula oili kidogo. Ikila nusu lita na kupokea nusu lita ya dizeli, kijiti kitaonyesha palepale huku oili ikizidi kuharibika. Ndiyo sababu vipimo vingine huhitajika.

Cha pili ni harufu. Oili yenye dizeli nyingi hunuka dizeli. Lakini pua huzoea, na fundi aliyeshinda gereji akinusa dizeli mchana kutwa huenda asiitambue.

Cha tatu ni karatasi. Tone moja la oili kutoka kwenye kijiti hudondoshwa juu ya karatasi nyeupe inayofyonza, kama ile ya kuchujia kahawa, ikaachwa imelala kwa saa kadhaa. Masizi hubaki katikati kama doa jeusi. Dizeli, kwa wepesi wake, hukimbilia nje na kuacha duara la rangi hafifu lenye kung'aa kama karatasi iliyopakwa mafuta. Tone la oili mpya likiwekwa kando yake, tofauti huonekana. Kipimo hiki hakitoi asilimia, lakini hutosha kumwambia mtu atafute zaidi.

Dalili nyingine ni taa ya shinikizo la oili kuwaka injini ikiwa moto na gari limesimama, kichujio kujisafisha mara nyingi kuliko kawaida, moshi mweupe asubuhi, na dizeli kupungua tangini kwa kasi isiyoeleweka.

Kipimo cha uhakika hupatikana maabara. Hapo hupimwa mnato, kiwango cha madini yanayotokana na vyuma vilivyolika, na joto ambalo mvuke wa oili hushika moto. Oili safi hushika moto katika nyuzi zaidi ya 200, ilhali dizeli huweza kushika kuanzia nyuzi 60 hivi. Oili yenye dizeli hushuka kati ya hapo. Ni kwa sababu hiyo hiyo mtu hapaswi kujaribu kuiwasha oili kwa kiberiti gerejini.

Shirika lenye magari 10 au zaidi lina sababu nzuri ya kutuma chupa za oili maabara kila wakati wa servisi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya injini moja, bila kuhesabu gari la kuvuta lililotoka Kitale, takriban kilomita 300 kutoka Lodwar.

Kinga

Hatua ya kwanza ni kuhesabu saa, si kilomita pekee. Wasimamizi wengi wa magari hukadiria kuwa saa moja ya injini kunguruma gari likiwa limesimama ni sawa na kilomita 40 hivi za mwendo. Pikapu inayonguruma saa tatu kwa siku, siku 25 kwa mwezi, imefanya saa 75, sawa na kilomita 3,000 ambazo hazikuonekana kwenye dashibodi. Oili yake ibadilishwe ikihesabiwa hivyo.

Vitabu vingi vya magari hutenga ratiba ya matumizi magumu, yaani vumbi, joto, mizigo mizito na safari fupi. Mara nyingi muda wa servisi hupunguzwa hadi nusu, mathalani kutoka kilomita 10,000 hadi 5,000. Turkana ina sifa zote hizo kwa pamoja.

Pili, gari lenye kichujio lipewe nafasi ya kujisafisha. Pikapu inayozunguka Kakuma ipangiwe safari ndefu ya barabara kuu, walau mara moja kwa wiki, kwa mwendo wa wastani usiokatizwa. Wasimamizi waweza kubadilishana magari ili lile la mjini nalo liende Lodwar. Taa ya kichujio ikiwaka, dereva asiizime injini hadi ikamilishe kazi yake.

Tatu, oili iwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kumimina oili nzito zaidi ili kufidia dizeli ni kujidanganya. Vilevile, gari lenye kichujio huhitaji oili yenye majivu machache, kwa kuwa majivu hayaungui na hukiziba kichujio milele.

Nne, filta za hewa na dizeli zibadilishwe mapema, na chombo cha kutenga maji kimwagwe mara kwa mara. Dizeli inunuliwe katika kituo kinachoaminika na risiti ihifadhiwe.

Baadhi ya wamiliki huamua kukiondoa kichujio kabisa. Njia hiyo ina hitilafu. Kompyuta isipopangwa upya huendelea kumwaga dozi za nyongeza, na dizeli huendelea kuingia katika oili. Isitoshe, moshi wa dizeli ulitambuliwa rasmi mwaka wa 2012 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta ni muuzaji wa kando ya barabara na mtoto anayekwenda shuleni.

Ukishaigundua

Kumwaga oili iliyozidi ili kiwango kirudi kwenye alama hakutibu chochote. Kinachobaki ndani bado ni mchanganyiko ule ule. Oili yote na filta yake vibadilishwe, kisha chanzo kitafutwe kabla gari halijarudishwa kazini. Baada ya hapo kiwango kipimwe kila siku kwa wiki nzima. Kikipanda tena mara moja, tatizo ni nozeli, viungo vya dizeli au pampu. Kikipanda polepole, tabia ya safari na kichujio vichunguzwe.

Oili chafu iliyotolewa ihifadhiwe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Isimwagwe katika laga. Mkondo wa Tarach unaopita Kakuma ni mkavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakazi huchimba visima vya mchangani humo ili kupata maji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara ya Lodwar hadi Kakuma, ufa huo huonekana kila asubuhi kwenye kijiti cha oili, kwa yule anayekichomoa, akakisoma na kuandika alichokiona.